Angalia Malkia

Wifi yangu Nasrin Sadallah ana miaka thelathini na minane na ana steshenari ndogo jirani na ofisi za wilaya, hapa Bagamoyo. Mwaka huu alikwenda Dar es Salaam kutafuta ubingwa wa taifa wa sataranji kwa wanawake, na aliporudi mji mzima ulimsifu kwa jambo ambalo hakulifanya. Mimi nilikuwa naye. Nilisimama nyuma ya kamba ya watazamaji, hatua sita kutoka kwenye meza yake, na kwa kuwa kila mtu mjini ana simulizi yake, acheni na mimi nitoe yangu.

Mniwie radhi nikipandisha sauti mahali. Mimi ni mtu wa Miono, nimezaliwa shambani, nikaja kuolewa mjini na Twalib, kaka yake Nasrin. Hii ni miaka kumi na minne na bado adabu za nyumba ile hazijaniingia zote.

Ni nyumba ya sataranji. Baba mkwe wangu, Mzee Sadallah, alikuwa karani wa forodha mpaka alipostaafu, na kila siku baada ya swala ya alasiri hutandika mkeka barazani na kupanga kete zake. Hucheza kama kila mtu achezavyo, isipokuwa kwa sharti moja ambalo nilidhani ni la dunia nzima mpaka nilipofika Dar. Ukitaka kumla malkia wa mwenzako, lazima umwambie kwanza. Unasogeza kete yako inayomtishia, kisha unasema, "Angalia malkia." Usiposema, umeiba, mchezo unarudishwa nyuma na ubao unafungiwa kabatini wiki nzima.

Sharti hilo lilitoka kwa mama yake Mzee Sadallah, marehemu, ambaye hakujua hata farasi huendaje. Zamani sana, Mzee Sadallah alimla malkia wa kaka yake Shuaibu wakati Shuaibu amegeuza shingo kumjibu mpita njia salamu. Shuaibu akainuka, akavaa viatu vyake, na ndugu wale wawili hawakusemeshana miezi saba. Arusi ikapita, msiba ukapita, wakawa wanapishana mlangoni kama wapangaji. Mama yao akachoka. Akawaita wote wawili, akatoa amri hiyo, na tangu siku hiyo hakuna malkia aliyeliwa kimya katika nyumba ile.

Nasrin alijifunza mchezo akiwa na miaka saba, amekaa pembeni ya baba yake. Alipofika kumi na miwili alikuwa anamfunga baba, na alipofika kumi na tano wazee wa mtaani walianza kusingizia macho. Akamaliza kidato cha nne, akaolewa Pangani, ndoa ikadumu miaka mitatu, akarudi kwao bila ya maneno mengi akafungua duka. Anachapa barua za kuomba kazi, anapiga picha za pasipoti, anarudufu vyeti vya kuzaliwa. Na mteja akichelewa kutafuta hela mfukoni, yeye tayari amegeukia kompyuta kumalizia mchezo wake na mtu asiyemjua, labda yuko India, labda Peru.

Hapo ndipo utacheka. Hata kwenye kompyuta, ambako huyo wa Peru hamsikii wala haelewi Kiswahili, Nasrin akimtishia malkia husema kwa sauti, "Angalia malkia." Wateja hushtuka. Mama mmoja aliyekuja kupiga picha alidhani anaambiwa yeye, akatengeneza mtandio.

Kwenye mashindano mazoea hayo yangemponza zamani, kwa sababu huko kumsemesha mpinzani ni kosa. Dawa yake aliigundua mwenyewe: karafuu. Kila akikaa mezani hutia karafuu moja chini ya ulimi, na ule ukali humkumbusha kwamba mdomo umefungwa. Alienda Dar na karafuu zake mwaka baada ya mwaka. Alikuwa na vyeti kumi na viwili vya ushiriki, na mara mbili alishika nafasi ya pili. Huwa hapendi kujieleza, lakini jioni ya kuamkia safari, tukikunja nguo zake, aliniambia kitu ambacho sijakisahau.

"Wifi, mimi ndiye ninayechapa vyeti vya mabingwa wa wilaya hii. Mpira, kukimbia, kusoma Kurani. Nimeandika neno bingwa mara elfu. Mwaka huu nataka niandikiwe mimi."

"Utaandikiwa," nikamwambia.

"Usinijibu kama mgonjwa. Nautaka kweli."

Nilimwona uso wake nikaiweka chini nguo niliyokuwa nakunja. Tangu nimjue sijamsikia Nasrin akisema anautaka mche wa sabuni, sembuse ubingwa.

Mashindano yalikuwa ya siku tatu, kuanzia Ijumaa, kwenye ukumbi wa kukodi. Feni zilikuwa zinapiga kelele na meza zimetandikwa vitambaa vya kijani. Siku mbili za mwanzo alicheza vizuri kupita nilivyowahi kumwona. Jumamosi jioni ilikuwa imebaki raundi moja na wachezaji wawili tu wenye tamaa. Sihaba, msichana wa chuo mwenye miaka ishirini, mkazi wa Dar, alikuwa mbele kwa nusu pointi. Nasrin alikuwa wa pili. Asubuhi yake wangekutana wenyewe kwa wenyewe. Sihaba alihitaji sare tu. Nasrin lazima ashinde.

Sasa sikieni. Ramadhani ilikuwa inaingia Jumatano, na Nasrin alikuwa amebakiwa na siku tatu za kulipa za Ramadhani iliyopita, zile ambazo sisi wanawake hatufungi. Siku tatu za kulipa, na siku tatu zimebaki: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Alikuwa ameahirisha mwaka mzima, kama tunavyoahirisha wote. Nikamwambia ale, acheze, ataona mbele ya safari.

"Mbele ya safari ni wapi, wifi?" akaniuliza. "Mwezi hausubiri mtu amalize sataranji."

Akala daku, akanuia, akalala. Kufunga hakukunitia wasiwasi, maana Nasrin akifunga hata rangi haibadiliki. Karafuu haikunijia akilini kabisa. Nilipoikumbuka tulikuwa tumeshafika ukumbini. Nikamwona anapeleka mkono kwenye mkoba kwa mazoea, anafungua kijaluba cha karafuu, anakitazama, anakifunga tena. Akanigeukia akatabasamu kidogo.

"Nitang'ata ulimi," akasema.

Wakaanza saa tatu. Kila mmoja alikuwa na saa moja na nusu kwenye saa ya mezani, na ikikuishia umefungwa hata kama unashinda. Sihaba ni mchezaji mzuri, sitaki mtu aseme vingine. Anafikiri sana, na kufikiri sana kuna bei yake, kwa hiyo baada ya saa mbili na dakika arobaini na kitu yeye alikuwa amebakiwa na dakika mbili kasoro na Nasrin bado ana kumi na moja. Ukumbi ulikuwa kimya. Michezo mingine ilikuwa imekwisha na watu wote wamesogea kwenye kamba yetu.

Mimi si mchezaji wa kutisha, lakini miaka kumi na minne ya kumenya vitunguu karibu na baraza ile imenifundisha kuona. Ngome ya Nasrin ilikuwa kwenye mstari mmoja na malkia wa Sihaba, na katikati yao amesimama farasi wa Nasrin mwenyewe. Farasi akiondoka, malkia yuko wazi. Nasrin akamwinua farasi yule akamtua karibu kabisa na mfalme wa Sihaba, mahali pa kuogofya, penye kumfanya mtu asahau kila kitu kingine. Macho ya Sihaba yakamfuata farasi. Uso ukambadilika. Akanyoosha mkono kumsukuma askari ili amfukuze farasi, na mimi nikaikamata kamba, maana huko kete ukishaigusa lazima uicheze. Vidole vilikuwa vimebakiza unene wa shilingi kumfikia askari. Akimgusa tu, malkia ameliwa, mchezo umekwisha, Nasrin ni bingwa wa taifa.

Nasrin akasema, "Angalia malkia."

Alisema polepole, kwa sauti nzuri tu, kama anayemwambia mtu kuwa upindo wa buibui lake unaburuza chini.

Mkono wa Sihaba ukasimama hewani. Akatazama ubao, akamtazama Nasrin, kisha akauinua mkono ule ule juu. "Mwamuzi! Ananisemesha!"

Mwamuzi, mwanamume mmoja mpole mwenye miwani, akaja akaisimamisha saa. "Dada, umemsemesha?"

Nasrin alikuwa ameshaziba mdomo kwa kiganja. Akakitoa. "Ndiyo."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia aangalie malkia."

"Malkia wa nani?"

"Wake."

Mwamuzi akavua miwani, akauangalia ubao, akamwangalia Nasrin, akavaa miwani. Nadhani alielewa, na nadhani alimsikitikia, lakini kanuni haina kifungu cha masikitiko. Akampa Nasrin onyo kwa kumsumbua mpinzani, na Sihaba akaongezewa dakika mbili. Dakika mbili! Mtu kaokolewa malkia wake, na juu yake kapewa na muda wa kumtorosha.

Akamtorosha. Nasrin alijitahidi saa nyingine nzima ya moyo wangu, ingawa kwa saa ya mezani zilikuwa dakika chache, kete zikapungua mpaka ikabaki ngome kwa ngome na askari watatu kwa watatu. Wakapeana mikono. Sare. Nusu pointi ile ile ya jana ikabaki pale pale, na Sihaba akawa bingwa.

Baada ya kupokea kombe lake msichana yule alikuja mpaka tulipokaa. Hilo namsifu. "Shikamoo dada," akasema.

"Marahaba."

"Samahani, yaani nilidhani unanivuruga akili. Ile ngome mimi sikuwa nimeiona kabisa. Kwani uliniambia kwa nini?"

"Mazoea ya nyumbani," Nasrin akajibu. "Hongera, mdogo wangu. Umecheza vizuri."

Kwenye basi la kurudi nilisema yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia kwetu Miono nguruwe akiingia shambani hatumpigii hodi. Nilimwambia bibi yenu Mungu amrehemu, lakini amri yake ilikuwa ya kupatanisha wanaume wawili wenye vichwa vigumu, si ya kugawa ubingwa wa Tanzania. Nilisema mpaka Bunju. Nasrin ameegemea dirisha, anatazama nje, na tulipovuka Mapinga ndipo akanijibu.

"Niache, wifi. Nimefunga."

Nikamwacha.

Tatizo ni kwamba mtu mmoja pale ukumbini alikuwa anarekodi kwa simu, na Jumatatu asubuhi Bagamoyo nzima ilikuwa imeona. Kwenye makundi ya simu wakaandika kwamba binti yetu ameacha ubingwa kwa ajili ya uungwana. Mwalimu wa madrasa aliwasimulia watoto. Mtendaji wa kata alipita dukani kumpa mkono. Akina mama waliokuja kuchapa kadi za harusi walimshika mashavu. Mtu mmoja alitoka Vigwaza kwa shughuli zake, akauliza njia mpaka dukani, kisa tu amwone mtu aliyemwonea mpinzani wake huruma.

"Ahsante," Nasrin anasema. "Ahsante sana. Nakala ngapi?"

Nami, nikiri, nikaanza kulegea. Nilimsikia kila mtu anasema alimhurumia yule msichana, mpaka nikajiuliza, labda kweli. Labda ni mimi wa shambani nisiyejua kuona jambo zuri likinipita. Siku ya Jumanne nilimwomba radhi kwa maneno yangu ya kwenye basi. Alinitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa akasema twende tukanunue nazi kabla hazijapanda bei.

Ikaingia Ramadhani. Ijumaa ya kwanza, baada ya alasiri, mimi na Nasrin tulikuwa ndani karibu na dirisha la mbele tukimenya magimbi ya futari. Barazani alikaa baba mkwe na jirani yake, Mzee Bwanausi, ubao katikati yao, hawachezi, wanasubiri tu jua lishuke. Mzee Sadallah alikuwa anasimulia. Alishasimulia mara nyingi juma lile, na kila mara kisa kinaota nyama mpya.

"Akamtazama yule binti," anasema, "akamwona mtoto wa watu kabanwa na saa, mkono unamtetemeka. Moyo wake ukamwambia, Nasrin, ubingwa wa namna hii hapana. Akamwambia kwa hiari yake. Hiyo ndiyo damu, Bwanausi. Sikumwambia mtu, lakini mimi siku ile nililia kwa furaha."

"Mungu akuzidishie," Mzee Bwanausi akasema. "Umelea."

Nasrin aliacha kumenya. Akainuka na kisu chake, vidole vyeupe kwa utomvu, akatoka nje. Nikamfuata, maana sikupenda alivyotembea.

"Baba," akasema, "si kweli."

Mzee Sadallah akainua uso akitabasamu, akidhani anaona haya. "Si kweli nini, mwanangu?"

"Sikumwonea huruma. Nilimwona amebanwa nikafurahi. Mtego ule niliupanga dakika ishirini, na nilikuwa namwomba Mungu aingie." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayemweleza mteja kwamba karatasi zimekwisha. "Mdomo umesema wenyewe, baba. Nikiwa na miaka saba ulinifundisha, nimesema mara ngapi sijui, na siku ile umesema wenyewe. Watu wanakuja dukani kunipa mkono kana kwamba nimetoa sadaka. Sikutoa kitu. Kilinitoka."

Mzee Bwanausi akaanza kukung'uta kanzu yake ambayo haikuwa na vumbi. Mimi nilisimama mlangoni na gimbi mkononi, naona aibu kwa ile radhi niliyoomba Jumanne. Nilikuwa nimemwongezea uzito, mimi niliyeona kwa macho yangu.

"Na ingekuwa leo?" Mzee Sadallah akauliza. Tabasamu lilikuwa limeshaondoka.

"Ningenyamaza. Ningemla."

"Ungeshinda?"

"Ningeshinda, baba."

Mzee Sadallah akautazama ubao. Alikuwa anayaona mambo upya, nadhani, tangu wale ndugu wawili na ule ugomvi wao mpaka meza ya kitambaa cha kijani. Kisha akamgeukia binti yake mbele ya jirani, mbele yangu mimi mkwe, akasema, "Basi nisamehe."

Mnajua desturi yetu. Mwezi unapoingia watu huombana radhi, tusameheane, tusameheane, na jibu lake huwa hakuna neno, hata kama neno lipo na limejaa nyumba. Hasa mzazi. Mzazi akikwambia nisamehe, unaruka kabla hajamaliza, hakuna neno baba, unambusu mkono, yanakwisha. Nilimsubiri Nasrin aseme hivyo. Mzee Bwanausi naye alikuwa anasubiri, nilimwona.

Nasrin hakusema hakuna neno. Aliketi kwenye ukingo wa baraza, akamtazama baba yake usoni, akasema, "Nimekusamehe, baba."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, ya Jumapili ile yote. Baba yake akaweka mkono juu ya kichwa chake. Nikakichukua kile kisu mkononi mwake, nikarudi ndani kumalizia magimbi.